Safu ya Kumi na Tisa

Tulimwita Afisa, ingawa serikali ilikuwa imemstaafisha zamani na hakuna ofisi iliyokuwa ikimngoja asubuhi. Alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, wale waliozunguka na pikipiki na daftari wakiwaambia watu wapande kwa mistari. Pikipiki aliirudisha, mistari akabaki nayo. Katika mfuko wa ndani wa koti lake alibeba rula ya mbao ya futi moja, na mimi sijawahi kumwona mtu mwingine akiingia katika mkutano wa mambo ya kompyuta na rula. Alikuja nayo mkutano wa kwanza na hakukosa kuja nayo hata mara moja.

Nieleze kazi yenyewe kwanza, nisije nikamcheka mtu kabla hamjajua alichofanya. Huku Meru na Embu watu walikuwa wametengeneza vijiprogramu vyao vya kila namna. Watu wa maziwa walikuwa na cha kuandika kilo kwenye simu, shule fulani ilikuwa na cha kupanga ratiba, watu wa Laare walikuwa na cha kupanga pikipiki za kubeba miraa kabla haijanyauka. Kila kikundi kilikumbatia chake bila kujua cha jirani. Tukakubaliana tuwe na orodha moja ya pamoja kwenye mtandao, kila programu na maelezo yake mafupi: inaitwaje, inafanya nini, inahitaji simu gani, iko kwa lugha gani. Maelezo hayo wataalamu huyaita metadata. Tulikuwa watu watano, tukikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa kanisa mjini Embu, na hakuna aliyetaka kuyasimamia maelezo, maana ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Afisa akainua mkono. Tukampigia makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mimi nilikuwa nimefikiria safu sita. Mkutano uliofuata alikuja na safu arubaini na moja, zimechorwa kwa rula kwenye kauntabuku, lile daftari nene la jalada gumu, vichwa vyake kwa wino mwekundu. Kulikuwa na safu ya jina la programu, na safu ya jina la programu kama watu wanavyoliita. Kulikuwa na safu ya msimu. Kulikuwa na safu ya urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari.

Katibu wetu, mwenye duka la cyber hapo mjini, alikuwa mtu mpole sana, lakini hiyo ilimshinda.

"Afisa, hii ya ratiba ya shule, altitude inatusaidia na nini?"

"Wewe unajua huko juu watoto wanafika shule saa ngapi na ile baridi?"

"Sasa si hiyo ni mambo ya headmaster?"

"Andika altitude."

Ikaandikwa. Ukiifungua orodha ile leo utaona programu ya kupanga masomo ya darasa la tano ikiwa na urefu wake kwa mita, kana kwamba ni mlima.

Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo haikupanda hata akikukasirikia. Koti lilikuwa lile lile la kahawia, mvua au jua. Aliandika kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, na kabla ya kubonyeza herufi alikiinua kidole juu na kukishikilia hapo, akiitafuta herufi kwa macho. Katibu alijitolea kumwandikia. Akakataa. Alisema mtu akiandikiwa hajui ameandika nini. Kwa hiyo kila kitu kiliandikwa mara mbili, kwanza kwenye kauntabuku kwa kalamu, halafu kwenye kompyuta kwa kidole, na sisi tukisubiri na chai imepoa.

Lakini mambo ya safu yalikuwa mzaha tu ukilinganisha na kanda. Mtu huyu alizipanga programu kwa kanda za mazao, kama alivyokuwa akipanga mbegu enzi zake. Juu kabisa palikuwa ukanda wa chai, ukafuata wa kahawa, kisha wa mahindi, kisha wa muguka na ndengu, na chini kabisa, mkiani, ukanda wa mbuzi. Ukitaka kuona chochote ilikubidi uchague ukanda wako kwanza. Programu ikiwa imetengenezwa na watu wa chai, mtu wa Siakago, kule chini kwenye mbuzi, hakuonyeshwa. Ninajua akina mama wa Siakago, wafugaji wa mbuzi wa maziwa, waliohangaika msimu mzima wakitengeneza kitu cha kuandikia kilo, na kitu hicho hicho kilikuwa tayari huko juu, mwendo wa asubuhi moja tu.

Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima, kisha akasema, "Madam, mbegu ya juu haioti chini."

"Hizi si mbegu, Afisa. Hizi ni software."

"Kila kitu ni mbegu. Kuna watu nimewaona wakipanda ya juu huku chini. Walilia."

Mwalimu wa kike kwetu ni madam, na mimi nilikuwa nikifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi cha hapo Siakago. Alinitia madam katika kila sentensi, mpaka neno lenyewe likawa linaniwasha.

Kuhusu miraa, hapo ndipo nilipomdharau kabisa. Alikuwa mzee wa kanisa, na mkono wake haukukubali kuliandika neno hilo. Programu ya watu wa Laare, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa safi kuliko nyingi, aliiandika kuwa inahusu "mboga za majani zinazoharibika haraka". Wenyewe waliitafuta hawakuiona. Mwakilishi wao akatupigia tukiwa mkutanoni, Katibu akaiweka simu kwenye spika.

"Nimeandika miraa, imesema hakuna," alisema yule bwana. "Sasa nauliza nyinyi watu wa Embu. Laare nzima hakuna miraa?"

Tulicheka mpaka Katibu akalaza kichwa mezani. Afisa hakucheka. Aliomba simu, akamwuliza yule bwana kama miraa si majani, na kama haiharibiki haraka. Bwana akakubali kwamba ni majani na inaharibika. "Basi," akasema Afisa, akamrudishia Katibu simu. Na mtu huyu huyu, nyuma ya nyumba yake, alikuwa na safu nzima ya muguka, ile miraa ya Embu, imepogolewa vizuri kabisa. Nilimwuliza ni ya nini. Akaniambia ni ya kuzuia upepo.

Halafu funguo. Yeye ndiye aliyetunza funguo za ukumbi, saba katika pete moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama. Mtu aliyetaka mita za programu ya ratiba alisimama mlangoni kila mwezi akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine, sisi nyuma yake tukinyeshewa manyunyu. Nikamwambia siku moja afunge kijikaratasi kwenye ule wa mlango wa mbele. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Si mimi naujua?" Akaendelea kujaribu.

Msemo wake alioupenda ulikuwa huu: isiyo na kibao ni magugu. Enzi zake kila shamba la mfano lilisimamishwa kibao cha mbao pembeni, kimeandikwa aina ya mbegu, siku ya kupanda, mbolea, na chini kabisa jina la mtu wa kuulizwa. Alisema shamba lenye kibao watu walisimama wakatazama, na shamba zuri kulishinda lakini bila kibao walipita wakadhani ni majani ya Mungu. Alitusimulia habari za vibao hivyo kila mkutano. Mimi nilikuwa nikihesabu dakika mpaka vibao vifike, na havikuwahi kuchelewa.

Kutoka kwenye mstari huo wa mwisho wa kibao ndiko ilikotoka safu ya kumi na tisa. Kichwa chake kilikuwa "Mtu wa kupigiwa ikiharibika". Safu nyingine arubaini ungeweza kumdanganya. Ungeandika msimu wowote, naye angepitisha. Hii haikuachwa wazi, wala haikuandikwa hivi hivi. Kila namba iliyowekwa hapo aliipiga mwenyewe, papo hapo, na mtu akishika alisema maneno matatu tu: "Hallo. Ni nani?" Usipotaja jina lako, hakuweka tiki. Wengi walidhani ni wale matapeli wa simu, wakakata. Yeye alipiga tena. Kuna mwalimu mkuu alimtukana kwa Kimeru mpaka akamaliza, na Afisa akangoja, akauliza, "Sawa. Na ni nani?"

Sasa nifike kwangu. Mama yangu ana kovu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko karibu hadi kifundo. Alilipata kwenye bomba la maji la kijiji chetu, mwaka wa kiangazi, alipoenda kufungua valvu siku aliyoamini ni zamu yake na jirani akaamini ni yake, na jirani alikuwa na jembe. Wote wawili ni watu wa kanisa. Wote wawili walilia baadaye. Mimi nilikuwa chuoni, na niliporudi na kuuona mkono ule nilijua nitatengeneza nini.

Nikatengeneza Zamu. Ni programu ndogo ya simu ya kamati ya maji. Unaingiza majina na saa, nayo inamtumia kila mtu ujumbe siku yake ikifika. Bomba likipasuka au pampu ikifa unaiambia, nayo inapanga upya bila mtu kuonewa. Kwetu ilifanya kazi mara moja. Watu waliacha kulala kwenye valvu. Nilitaka ifike kila mahali palipo na bomba na majirani, na njia ilikuwa orodha yetu. Sijawahi kutengeneza kitu kingine kizuri, wakati ule wala baadaye, na nilijua hivyo hata wakati ule.

Afisa akaiweka ukanda wa mbuzi, kwa sababu ilitoka Siakago. Nikameza. Kisha akafika safu ya kumi na tisa, akaikuta wazi.

"Hapa, Madam?"

"Haiharibiki. Na maelekezo yote yako ndani."

"Ikiharibika?"

"Nimekwambia haiharibiki."

Akaandika kwa penseli pembeni: inasubiri. Ilisubiri miezi minane. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kidole kile kiliteremka kwenye karatasi, kikafika kwangu, kikasimama. "Hapa, Madam?" Na mimi kila mara nikajibu kwa ukali zaidi. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anachezea maji ya watu. Nilimwambia kuna mtu mahali fulani atapigwa jembe kwa sababu ya rula yake. Akasema, "Inawezekana." Nilimchukia kwa lile inawezekana kuliko kwa miezi yote minane.

Na kwa nini sikuandika namba yangu? Nitasema wazi. Sikutaka kupigiwa. Nilikuwa nimeona jinsi watu wa maji walivyo, wanakupigia ukiwa darasani, wanakupigia ukiwa kanisani, wanakusimulia ukoo wote wa bomba kabla ya kusema shida yao. Isitoshe nilikuwa nimeomba kazi Nakuru. Nilitaka programu yangu ienee kote na mimi niachwe.

Mkutano wa mwisho kabla ya kuhamia Nakuru nilichukua kauntabuku yake mwenyewe, na pale kwenye safu ya kumi na tisa nikaandika namba yake yeye. Namba ya Afisa. Nilimwambia Katibu, tukacheka nje karibu na tangi la maji. Nilifikiri, acha ajipigie aone. Wiki iliyofuata Katibu akanitumia ujumbe: Zamu imepita, ina tiki. Nikaona mzee hata hakutambua namba yake, na hiyo hadithi niliisimulia Nakuru kwa miaka, kila tulipoongea juu ya wazee na kompyuta. Laini yangu ya zamani niliitupa.

Nilirudi kumwona juzi tu, na sikwenda kwa mapenzi. Katibu aliniomba. Alisema masikio ya Afisa yamekwisha, orodha inahamishiwa mahali papya, na kauntabuku ziko kwake juu kwenye chai, naye hataki kuzitoa ila kwa mtu wa kamati. Nilikuwa nimekuja kumwona mama. Nikapanda.

Nilimkuta sebuleni, viti vyote vimevikwa vitambaa, yeye amevaa koti lile lile. Mkewe aliniletea chai, akaniambia niongee kwa nguvu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, juu ya kifua. Hakuisikia ikilia, aliihisi ikitetemeka. Aliitoa, akaitazama, akaninyooshea.

"Hii ni yako, Madam."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikashika kwa heshima ya mkewe. Alikuwa mama wa kamati ya maji upande wa Kiambere, kule watu wanakoona bwawa zima kutoka mlangoni na bomba lao ni kavu.

"Mzee, pampu ilikufa siku mbili," alisema bila kungoja. "Sasa imepona. Wale walikosa zamu wamesimama hapa kwa valvu na hao wa leo pia wamesimama hapa. Nikibonyeza, itaanza juu tena? Niambie haraka, kuna mtu ameenda kuleta watoto wake."

Nilijua watoto hao si wa shule. Ni vijana wa kumsaidia kupigana. Na swali lile ndilo nililotengenezea Zamu yote, nililiandika mimi mwenyewe nikiufikiria mkono wa mama, na nikiwa nimesimama kwenye zulia la watu nikatafuta jibu kichwani nikakuta hamna kitu. Nikasema, "Ngoja kidogo." Nikasema tena, "Ngoja."

Afisa alikuwa amekwisha kuvuta kauntabuku kutoka chini ya meza. Alinitazama midomo, akauliza, "Wamekosa siku ngapi?" Nikamwonyesha vidole viwili. Akafungua, akaweka rula chini ya mstari mmoja, akanigeuzia ukurasa. Kwa mwandiko wake: Pampu ikifa. Usibonyeze ANZA. Bonyeza SIKU, weka hesabu ya siku, ndipo RUDISHA. Wa jana kwanza. Imejaribiwa Laare, sawa. Imejaribiwa huko chini, sawa.

Nikasoma neno kwa neno. Nikamsikia yule mama akirudia kwa sauti kwa watu waliomzunguka, kisha kelele, kisha simu nyingi zikiingia ujumbe kwa mpigo.

"Imefanya," akasema. "Imeanza na wa jana. Wameona wenyewe."

Nilikaa chini. Nikafungua kurasa za nyuma. Zilikuwa nyingi, kila mstari umepigiwa rula chini yake: nani alipiga, kutoka wapi, nini kiliharibika, alijibu nini, ilikubali au ilikataa. Chai, kahawa, muguka, Laare, Kiambere, kanda zote alizozitenganisha mwenyewe kwa wino mwekundu. Nikamwuliza, kwa kupaza sauti, watu wa juu walijuaje kuna programu iliyofichwa ukanda wa mbuzi.

"Wakipiga kuuliza ingine, nawaambia iko hii."

"Basi kanda ni za nini?"

"Ni za orodha," akasema, na akaniona mjinga. Bado nilitaka kumtupia kikombe.

"Namba niliyoandika," nikasema. "Ulijua ni yako?"

"Si nilipiga. Ikasema inatumika. Nikajua ni mimi. Nikajiuliza, ni nani? Nikajijibu. Nikaweka tiki."

"Mbona hukuikataa?"

"Ungeandika yako usishike. Afadhali yangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu wa kilimo kwamba udongo huu hauna chokaa. Niliona aibu mpaka masikioni, na aibu hiyo haikunifanya nimpende.

Yule mama wa Kiambere alikuwa bado kwenye laini, muda wote akipanga watu wake. "Halafu, mzee hasikii vizuri siku hizi," alisema. "Nikipata shida nipigie nani?"

Afisa alikuwa ameufungua ukurasa wa zamani, ule wa miezi minane. Aliweka rula juu ya namba yake mwenyewe katika safu ya kumi na tisa, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akakaa na kalamu juu, akinitazama midomo. Nikamtajia yule mama namba yangu, tarakimu moja moja, naye Afisa akaandika zile zile, kalamu ikisimama hewani kila mara kama kile kidole chake. Mama akashukuru, akakata.

Kisha Afisa akaichukua simu yake na kuanza kubonyeza, polepole, akitazama karatasi. Nikajua anachofanya. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, magoti yetu karibu yagusane. Simu yangu ikalia ndani ya mkoba.

"Shika," alisema.

Nikashika, nikaiweka sikioni.

"Hallo," alisema Afisa, akitazama dirishani. "Ni nani?"

Nikataja jina langu. Hakusikia. Nikalitaja tena kwa sauti, mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni, na hapo akaweka tiki.